Wimbo Uliokatizwa Kila Nilipopiga Hodi

Mama yangu ana wimbo wake. Alitungiwa na bibi, mama yake mzazi, katika matanga yake, na wanawake wa kijiji chetu nje kidogo ya Newala waliuimba miaka mingi wakipura mbaazi, wakibangua korosho, wakimlilia maiti mwingine. Watu wengine waliofiwa na mama wakiwa wachanga wana picha ukutani. Mimi nina wimbo, na mpaka nimepita miaka arobaini nilikuwa sijaruhusiwa kuusikia.

Nieleze mwiko wenyewe, maana hata Masasi, ambako ni kushuka mlima tu, wapo wasioujua. Kwetu mwanamke akifa kwa uzazi hutungiwa wimbo unaosimulia alivyokufa, bila kuficha kitu. Binti aliyemwacha hausikii mpaka naye azae, apone. Wazee husema ukimweleza msichana jinsi mama yake alivyoshindwa kupita mlango ule wa uzazi, na yeye bado hajaupita, umemwonyesha njia ya kaburini. Akishazaa, wanawake humwendea siku anapotoka ndani, wanamkalisha mkekani na mtoto wake mapajani, wanamwimbia wimbo wa mama yake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nimewaona wenzangu wakiimbiwa hivyo. Wimbo wa mama wa mtu mwingine hauna neno, unaweza kuusikiliza huku unatafuna muhogo. Wa kwangu ndio uliokuwa ukifa midomoni mwao nikitokea.

Nililelewa na bibi mpaka umri wa kuanza shule. Alikuwa na sauti ya kukwaruza, ya mtu aliyepiga kelele shambani siku nzima kufukuza nyani, lakini akianzisha wimbo wanawake wote walimfuata. Alitunga juu ya kila kitu: juu ya mnunuzi wa korosho mwenye mizani mgonjwa, juu ya jirani aliyejificha wageni wasije wakala ming'oko yake, vile viazi vya porini. Watu walimwogopa. Mume akimpiga mkewe, alijua kabla ya wiki kwisha atajisikia ndani ya wimbo, jina lake halijatajwa na kila mtu anacheka.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuitikia. Nilidhani kuimba ni kuongoza, kusimama mbele na kutoa maneno. Alinikatalia. Alisema anayeanzisha anauliza tu, na swali lisilojibiwa halijawa wimbo. Nikichelewa kidogo alininyooshea kidole na kunirudisha, tena na tena, mpaka nikawa naingia pale pale pumzi yake inapoishia. Nilikuwa na miaka mitano au sita na nilijua kusikiliza pumzi ya mtu kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Viatu vyenyewe sikuwa navyo.

Basi fikiria mtoto huyo anarudi na kidumu chake cha maji, na kule uwandani, juu mlimani, maji yalikuwa safari ya asubuhi nzima, anasikia nyuma ya nyumba wimbo asioujua, mzuri kuliko yote. Anapiga hodi. Wimbo unakatika. Anakuta wanawake wameinamia mbaazi, wanazungumzia mvua. Sijawahi kuona watu wanaozungumzia mvua kwa bidii kama wale. Nilijua ni wimbo wa mama, watoto wenzangu walishaniambia. Nilichukia mvua kwa sababu yao.

Baba alikuja kunichukua nikasome Masasi. Alikuwa Mmakua, mwalimu wa shule ya msingi, na babu zake walibatizwa enzi za misheni, jambo ambalo alipenda wageni walijue mapema. Kwake kuimba kulikuwa kanisani. Mwalimu wa kwaya aliandika do re mi ubaoni na kutugonga vidole kwa rula tukipanda juu ya noti. Nilijifunza kuimba sauti ya pili, nikajifunza gitaa kwa vijana wa kanisa, na sikatai, nilipenda. Lakini baba hakuwahi kunisimulia mama. Nilipomuuliza alisema mama alikuwa mtu mpole na akapumzika kwa amani. Hiyo ndiyo habari niliyopewa. Kwenye ibada za kuwakumbuka marehemu alikuwa anatoka nje kabla ya nyimbo, anasimama kwenye jua akitazama ile milima ya mawe ya Masasi mpaka tumalize.

Nikawa mwalimu kama yeye, kisha nikaacha ualimu nikaimba. Nilitunga nyimbo kwa gitaa na kwa mitindo ya bibi, nikaalikwa Mtwara, nikaalikwa Dar es Salaam, nikaitwa mwimbaji wa nyimbo za asili. Walinivisha shanga ambazo bibi hajawahi kuzivaa maishani mwake. Nilisimama jukwaani nikapigiwa makofi kwa ajili ya asili yangu, na asili yangu yenyewe ilikuwa inafunga mdomo nikipiga hodi. Hilo lilinichoma kila mara, na sikumwambia mtu.

Niliolewa. Mimba ya kwanza iliharibika, ya pili ikaharibika, ya tatu ilikaa mpaka nikaanza kuzungumza nayo, nayo ikatoka. Wenye maneno walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wakisahau kwamba mimi uchungu nilikuwa nao, mwana ndiye aliyekosekana. Mume wangu akaoa kwingine. Watu husema wamesamehe. Mimi namlaumu kidogo mpaka leo. Na uwandani, ambako mwanamke ni Mama Fulani au si kitu, watu walihangaika namna ya kunisalimu. Mwishowe waliniita Mwalimu, na mimi nikaitikia.

Baada ya mimba ya tatu nilipanda Newala nikamwomba bibi aniimbie. Nilipiga magoti. Nilimwambia inaonekana sitazaa, na yeye umri umekwenda, akiondoka nitamsikia wapi mama yangu. Aliendelea kuchambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa. Kisha akaniambia kwamba siku mwili wangu utakapoacha kabisa kutafuta mtoto, nije, hapo wimbo hautakuwa na pa kunidhuru. Nilihesabu miaka yangu, nikahesabu yake, nikaona ni mbio kati ya tumbo langu na pumzi zake. Kuanzia hapo nilikuwa mwanamke anayeomba kuzeeka upesi. Sioni aibu kulisema hilo, ila nashangaa nilivyolizoea.

Mwaka jana uvimbe ulinizidi, damu ikawa haikatiki, nikaondolewa kizazi. Nilipozinduka wodini, jambo la kwanza lililonijia halikuwa huzuni. Niliwaza: sasa ataniimbia. Huzuni ilikuja baadaye, ilikuja yote pamoja, na nikawa nalia hata nikiona mtu amebeba mkoba wa kliniki. Daktari alinionya nisisafiri mapema kwenye barabara mbovu. Kidonda kilipofunga nilipanda gari Masasi, nikaishika njia ya Newala, nikiwa nimejifunga kanga mbili tumboni, na kila shimo la barabara ile nililihesabu kwa meno.

Nilimkuta bibi uani asubuhi, amekaa mkekani, amekonda, lakini macho ni yale yale. Kando yake alikuwa shoga yake, bibi mwingine mfupi aliyekuwa akiitikia nyimbo zake tangu wote wawili ni wasichana. Katika kundi lao lote alikuwa amebaki yeye tu. Nilitoa shikamoo, wakaitikia marahaba, tukaulizana habari za mvua na korosho kama inavyopasa. Halafu nikamwambia bibi yaliyonipata. Alitaka kuona. Nilifungua kanga, akaweka kiganja juu ya kovu, akakiacha hapo muda mrefu.

Nilidhani ataanza. Badala yake alifunika tumbo langu vizuri, akasema twende tukale, nimetoka safari. Nilimkumbusha ahadi yake. Akasema amesahau maneno. Bibi yangu, ambaye alikumbuka nyimbo za watu waliokufa kabla baba yangu hajazaliwa, ananiambia amesahau. Hasira ilinipanda ambayo sikuwahi kumwonyesha mtu mzima.

"Bibi," nilimwambia, "umenifungia mama yangu kinywani maisha yangu yote. Unataka uzikwe naye?"

Shoga yake alishika kichwa. Bibi hakukasirika. Alinitazama kama mtu aliyekuwa akisubiri mgeni fulani na sasa amefika. Akamwambia shoga yake asogee, akajiweka sawa, akaanza kuimba, bila ngoma, kwa sauti ambayo ilikuwa imebaki ukwaruzo mtupu. Yule mwingine akaitikia.

Kwa Kimakonde wimbo ule ni mwepesi, unaweza kuuchezea. Ulisimulia kwamba uchungu ulimshika mama palizini, akiwa kwa bibi kama ilivyo desturi kwa mtoto wa kwanza. Siku ya pili ikaonekana mambo ni mazito, ikaamuliwa apelekwe hospitali ya Ndanda. Lilipatikana gari la mnunuzi wa korosho. Walimlaza nyuma juu ya magunia, bibi akapakata kichwa chake, na walibeba dumu moja la maji. Gari likachemka katikati ya njia. Walikubaliana wote, pamoja na bibi, maji yatiwe kwenye rejeta ili wafike. Yakatiwa. Gari likaondoka, likashuka mteremko, likazama kwenye tope. Hapo ndipo nilipozaliwa, kando ya barabara, kwenye nyasi. Na mama yangu aliomba maji. Wimbo unarudia hapo mara nyingi. Anaomba maji kwa bibi, anaomba kwa dereva, anaomba kwangu mimi niliyezaliwa muda ule ule. Tope tele, na maji ya kunywa hakuna. Akafa anaomba.

Baba alikuwa ameniambia alipumzika kwa amani. Nilikaa pale mkekani na sikuweza hata kulia, kinywa changu kilikuwa kikavu.

Kisha wimbo ukageuka. Bibi alikuwa sasa anaimba juu yangu, mtoto aliyebebwa kurudi kijijini ndani ya kanga ya mama yake. Aliimba hivi, nami naweka kwa Kiswahili: huyu niliyebaki naye, mlango ule asiupite. Na jibu lake ni neno hilo hilo, asiupite. Shoga yake hakuitikia. Alikuwa amejiziba mdomo kwa upindo wa kanga.

Bibi akaukatisha wimbo. Akaniambia kwa sauti ya kawaida kwamba ni hapo alipokuwa anapaogopa. Siku ya matanga aliliomba jambo lile kwa kinywa chake, na kijiji kizima cha wanawake kikaitikia, na kila walipouimba wimbo walilirudia. Wimbo wa marehemu haupunguzwi, hakuweza kuutoa ule mstari. Mimba yangu ya kwanza ilipoharibika aliwakataza wenzake, usiimbwe tena hata mimi nikiwa mbali. Lakini alihisi ameshachelewa.

"Mwiko ulinisaidia tu kujificha," alisema. "Niliyekuwa namwogopa ni wewe."

Nilimweleza juu ya uvimbe. Nilimwambia ni ugonjwa wa wanawake wengi, kwamba daktari alinionyesha picha zake, kwamba uvimbe hausikii nyimbo. Ninaamini hivyo na nilikuwa naamini nilipokuwa nasema. Alinisikiliza kwa adabu kama unavyomsikiliza mtoto anayekueleza kilimo. Alikuwa amebeba jambo lile peke yake tangu mimba ile ya kwanza, na maneno yangu ya hospitali hayakupunguza hata kidogo. Nilimwonea huruma mpaka nikasikia maumivu kwenye mshono. Nilimwonea hasira pia, siwezi kudanganya. Aliniombea nisife, nalijua hilo, alikuwa mama aliyepoteza mtoto barabarani na anajaribu kumzuia mwingine. Lakini watoto wangu watatu walikuwa wamekwenda, na kumbe kulikuwa na watu waliokuwa wakiimba kwamba wasije.

Bibi akaimba tena mstari ule, polepole. Wimbo wa namna ile ukishaanzishwa lazima ufike mwisho, na mwisho wake ni jibu. Shoga yake alitikisa kichwa, akageukia ukuta. Bibi akasubiri, akaurudia. Hakuniangalia wala hakuniomba. Aliimba tu, na kila mara pumzi ilikuwa inapungua, na nikaona kwamba ataendelea hivyo mpaka imwishie.

Nikaitikia. Nilisema asiupite, juu ya tumbo langu mwenyewe, kwa sauti ile ile niliyopigiwa makofi Dar es Salaam. Niliwalilia watoto wangu pale pale, neno likiwa bado mdomoni.

Bibi alininyooshea kidole. Akasema nimechelewa, nirudie.

Nikarudia.