Mwigizaji Asiyetaka Ulimi

Mume wangu Marhoon alikuwa mwigizaji na mwongozaji wa michezo katika mji usio na jukwaa wala sinema. Naanza na hilo ili msomaji ajue mapema kwa nini nina hasira.

Kwetu Unguja alikuwa na kundi lake. Aliutunga mchezo, akawafundisha wenzake pa kusimama na pa kugeuka, kisha akatoka mbele kuucheza yeye mwenyewe. Tabia hiyo ya kutaka kuwa bwana harusi na kadhi pia aliipata kwa Mmeksiko mmoja, Don Evaristo, aliyeigiza na kuongoza filamu zake mwenyewe. Mbili zililetwa Unguja tukiwa wachumba. Katika moja alikuwa mkulima aliyenyang'anywa shamba. Hatukuelewa neno hata moja alilosema, lakini alipoinama kuokota kofia yake mlangoni pa tajiri, ukumbi mzima ulikuwa ukifuta machozi. Marhoon alitoka pale na imani moja, nayo ndiyo iliyotuponza: kwamba mwigizaji hana haja ya ulimi.

Tulihamia Maskati mwaka 1964, sisi na binti yetu Mahbuba. Huku tulikuwa Waarabu kwa nasaba tu. Tukifungua mdomo, wauza samaki walicheka. Mimi niliona haya, nikaingia jikoni kwa jirani yangu Bi Bakhita, mzaliwa wa hapa, nikajifunza Kiarabu chao mpaka nikaweza kugombana kwa lugha hiyo. Marhoon hakutaka. Alipata ukarani wa ghala kwenye kambi ya kampuni ya mafuta, akawa anakwenda na lori asubuhi na kurudi jioni, na Kiarabu chake kikabaki kile cha chuo cha Kurani, cha kusomea, si cha kusemea.

"Baba Mahbuba, jifunze kusema," nilimwambia. "Siku watakapofungua jukwaa watakukuta huna lugha."

"Don Evaristo alisema lugha gani Unguja?"

"Don Evaristo hakuwa na haja ya kununua samaki soko la Matrah."

Alicheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nimechoka na huyo Mmeksiko kuliko mke mwenza.

Miaka ile mambo mengi yalitaka ruhusa. Marhoon aliandika barua kuomba aonyeshe mchezo siku ya Idi, mchezo usio na maneno. Barua ilipokewa kwa heshima, na kila tuliyemuuliza alisema iko kwa mkubwa wake. Watu walitwambia subira huvuta heri. Kwetu ilivuta miaka mitatu.

Mwaka 1967 fundi mmoja wa Kiingereza pale kambini alimwazima kamera ndogo ya filamu. Marhoon akatunga kisa cha mtu anayengoja mlangoni na barua mkononi. Hakwenda mbali kukitafuta. Alitaka awe mbele ya kamera na nyuma yake pia, na hilo haliwezekani bila mtu wa kuishika. Mtu huyo nikawa mimi, juu ya paa la nyumba yetu, buibui nimelifunga kiunoni. Alinielekeza kwa ukali, kama si mkewe.

"Usitikisike. Umenikata kichwa. Rudi nyuma, Kheiria, rudi, usianguke."

Filamu ilikuwa ya dakika tatu. Ilipelekwa Uingereza kusafishwa, ikarudi baada ya miezi mitano, na yule fundi akatuonyesha kwenye ukuta wa chumba chake. Marhoon alikuwa mzuri. Sijapata kumpenda mume wangu kama siku ile, na sioni haya kulisema. Baada ya wiki mbili fundi akamaliza mkataba, akaondoka na mashine yake ya kuonyeshea. Sisi tukabaki na filamu ndani ya kopo. Watazamaji wake katika mji wote walikuwa watatu, nami nimejihesabu, na yeye nimemhesabu.

Hicho tu ndicho alichokitaka, na mimi nikamtakia: watu wamwone, hata mara moja, wajue kuwa karani huyu wa ghala ni nani.

Julai mwaka 1970 utawala ukabadilika na mambo yakafunguka. Marhoon alikuwa akiulizia sinema kila alipokwenda. Kilichofunguliwa kwanza kikawa redio. Miaka sita mtu anautengeneza uso wake, na mlango unaofunguka ni wa mahali ambapo uso hauna kazi.

Alikwenda hivyohivyo. Mtayarishaji wa michezo, kijana aitwaye Yaarub, akampa karatasi asome sehemu ya baba mwenye mtoto mgonjwa.

"Ndugu yangu," Yaarub alimwambia alipomaliza, "nilikuwa nakutazama nikasahau kusikiliza. Lakini watu majumbani watasikia tu. Neno la kwanza watajua baba huyu katoka Zanzibar, na mchezo wangu ni wa watu wa Nizwa, huko bara."

Hakumvunjia heshima, na alilosema lilikuwa kweli, ndiyo maana liliniuma. Akampa kazi ya kutia sauti za vitu: kufungua milango, kumimina maji, kutembea. Marhoon akakubali. Siku ile nyumbani nilisema kila kitu isipokuwa "nilikwambia".

Mchezo ulitoka alasiri ya Jumatatu. Bi Bakhita alikuja kusikiliza kwangu, tukaweka kahawa na halwa mbele ya redio. Mlango ukalia redioni. Baba akaingia, akatembea hatua mbili za haraka, akasita, kisha akaenda polepole kama mtu asiyetaka kufika. Miguu ile naijua. Kabla baba hajasema neno, Bi Bakhita alikuwa ameshika ushungi machoni. Halafu mtu mwengine akasema kwa Kiarabu safi cha Nizwa.

"Mashallah, sauti ya huyu baba," Bi Bakhita alisema.

"Anayetembea ni Marhoon."

"Redio ina miguu, Kheiria?" Akacheka, akajimiminia kahawa.

Marhoon alirudi kabla ya Magharibi, akasimama mlangoni.

"Kuna aliyelia?"

"Bakhita kalia."

"Wakati gani?"

"Ulipokuwa unakwenda kitandani kwa mtoto. Yule mwengine hajasema kitu."

Nilimwona akiirudia njia ile kichwani, hatua kwa hatua.

"Kajua ni mimi?"

"Nimemwambia," nikasema. "Hakuamini."

Akakaa kuvua viatu, akasema hapana neno, kazi ni kazi. Nimemwona Marhoon akiigiza mfalme, mlevi na maiti. Sijapata kumwona akiigiza vibaya kama pale, alipojifanya hajali.