Kipande cha Tatu

Leo nimewasha imbabura, jiko langu la mkaa, kwa gazeti ambalo sijamaliza kulisoma, na kwa mtu asiyetoka nyumbani kama mimi, hiyo ndiyo safari ya wiki nzima nimeichoma. Moshi wa karatasi ukanirudisha utotoni, Masaka.

Tulikuwa na kitabu kimoja cha mauaji, tumekichana vipande vitatu ili kila msomaji awe na chake. Cha kwanza kilikuwa ng'ambo ya uzio, dada alikuwa na cha pili, mimi cha mwisho. Mzee tajiri alipasuliwa kichwa kwa shoka, damu ikaruka hadi darini, nami nilikuwa nimeshamhukumu mpwa wake. Kumbe muuaji ni daktari, aliyetajwa mara moja tu akinywa chai! Kwa hasira nikakisukuma kipande chote chini ya sufuria ya maharage.

Dada akaja mbio. "Lete, nimemaliza changu!"

Akaona majivu. Mwiko ukanishukia mgongoni, kichwani, mgongoni tena, mpaka ukavunjika. Nikapiga mayowe kumwita mama jirani aniokoe. Akachungulia juu ya uzio, akaelezwa nilichochoma.

"Ongeza! Na mimi iko nangojea hicho kipande."