Oleanda ya Mwalimu Karimi

Mwalimu Karimi alipostaafu hakurudi Meru. Mumewe, Salesio, alikuwa amezikwa hapa Isiolo, naye hakutaka kuliacha kaburi peke yake. Ili asishinde akiwaza, akaanza kupanda maua kuzunguka nyumba yao ya mtaa wa Wabera.

Bogenvilia ya kwanza ililiwa na mbuzi wa mtaani kabla haijafika magotini. Haibiskasi zikabaki vijiti. Ndipo muuza miche akamwonyesha oleanda.

"Chukua hii, mwalimu. Mbuzi wananusa tu na kupita. Ni chungu kama shubiri."

Ilikuwa kweli. Karimi aliinyunyizia maji aliyosuuzia vyombo, akatia samadi, akafunika mashina kwa nyasi kavu ili unyevu usipotee. Baada ya miaka michache ua wote ulichanua rangi ya waridi, hata watu wa boda wakawa wanapunguza mwendo wakipita.

Jirani yake, Akai, alikuwa ametoka Ngaremara baada ya ukame kumaliza mifugo yao. Alibaki na mbuzi watatu na mjukuu mchanga, kwa kuwa binti yake Joy alikwenda Nairobi kutafuta kazi na hakurudi. Mtoto yule aliishi kwa maziwa ya mbuzi hao. Akai alimfulia Karimi nguo, na wakimaliza kuanika walikaa jikoni wakinywa chai na kuchekana Kiswahili chao.

Mvua ilipokosekana tena, Karimi aliipogoa oleanda ili isimalize maji. Matawi akayarundika nje ya lango yakauke. Hakujua kwamba jani lake likikauka uchungu hufifia, lakini sumu hubaki.

Alasiri moja alimsikia Akai akilia. Mbuzi wawili walikuwa wamelala, wakirusharusha miguu, na wa tatu alisimama akitetemeka, mate yakimtoka. Hata daktari wa mifugo alipofika, wote walikuwa wamekufa. Alimpasua mmoja, akachomoa majani tumboni, akatazama upande wa lango.

Akai alikuwa ameshika kisu. "Nichune angalau tupate nyama?"

"Hapana, mama. Nyama hii hailiwi. Zika. Na hayo matawi msichome, moshi wake pia ni mbaya."

Karimi alipiga magoti vumbini. "Mama Joy, sikujua."

"Najua hukujua," Akai akajibu bila kumtazama. "Lakini mtoto atakunywa nini?"

Kesho yake Karimi aling'oa ua wote kwa jembe mpaka viganja vikatoka malengelenge. Alipeleka maziwa ya pakiti kila asubuhi, lakini yalimharisha mtoto, akakonda, akalazwa hospitalini. Karimi akasafiri hadi soko la mifugo la Oldonyiro, akarudi na mbuzi mwenye maziwa. Akai alimpokea mbuzi, akamfunga kamba, akarudi ndani.

Mtoto alipona. Hata hivyo Akai hakuingia tena kwa Karimi. Nguo alizikataa, na chai pia. Walipokutana njiani alisalimu kwa heshima na kuendelea na safari yake.

Mwezi uliofuata mwanamke mgeni alibisha langoni akaomba maji ya kusafishia nyumba ya jirani.

"Akai yuko wapi?" Karimi aliuliza.

"Yule wa mbuzi? Wamehama juzi. Wamerudi Ngaremara. Hakukuaga?"

Karimi alimjazia ndoo, akamsaidia kujitwika.