Moto wa Idda na Nyota ya Kwanza

Wifi yangu Idda wa kijiji cha Yakobi hakuwahi kununua kiberiti. Siku alipoolewa na kaka yangu, mama yetu alimpa kaa la moto katika kigae, akaenda kuwashia jiko lake. Tangu hapo moto ule haukuzimika. Jioni aliufukia kwenye majivu, alfajiri aliufukua, na majirani walikuja kuomba kaa kwake. Mimi nilikuwepo siku ile ya harusi. Nakumbuka hata kitenge alichovaa.

Aprili hii upepo uling'oa bati la jiko, mvua ikamwagika mafigani. Nilimkuta ameketi mbele ya majivu yaliyolowa, hajapika tangu jana.

"Wifi, moto wa mama umenifia mikononi. Nyumba hii imekwisha."

"Washa kiberiti, mwanamke! Utakufa na baridi."

"Moto huzaliwa na moto. Hicho kiberiti chako mama yake nani?"

Jioni akaja binti yake Letisia, mwalimu wa fizikia huko Makambako. Aliposikia habari hakucheka.

"Mama, nyota ya kwanza kabisa iliomba kaa kwa nani?"

Idda akanigeukia. Mimi, niliyemaliza la saba kwa alama nzuri, nikainamia majivu.

Letisia akachukua pampu ya baiskeli ya marehemu kaka, akaziba tundu kwa kidole, akasukuma na kusukuma.

"Shika hapa chini."

Idda akashika, akaondoa mkono upesi. "Yesu! Nani kaitia moto?"

"Hakuna. Hewa ikibanwa hupata joto. Nyota nayo ilikuwa wingu la gesi, baridi kuliko usiku wa Iwawa kule milimani. Likajivuta, likajibana, katikati joto likapanda mpaka mamilioni ya nyuzi. Hapo chembe za gesi zikaanza kuungana, na kuungana huko ndiko kunakotoa nuru."

"Na nani alilibana?"

"Uzito wake lenyewe, mama."

Tukatoka uani. Mvua ilikuwa imekatika, nyota zimejaa juu ya miti ya mbao. Idda alitazama mpaka kitenge kikamwanguka begani.

"Zote hizo," akanong'ona, "na ya kwanza haikuomba kwa mtu."

Umri wote huu naziona, sijapata kuuliza ziliwakaje.

Idda akanyoosha mkono. "Wifi, lete kiberiti chako."

"Si ulisema hakina mama?"

"Basi mama nitakuwa mimi."

Kulipokucha, jirani yake Jenifa alikuja na kigae kuomba kaa. Idda akamwekea mawili.