Sanda Mbele ya Kamera

Kufikia mwaka wa 1998 Bi Mwanatumu wa kijiji cha Munje alikuwa ameosha maiti za kike kwa miaka thelathini na minane, na hakuna aliyewahi kusikia kutoka kinywani mwake maiti gani ilikuwa na nini. Watu walimjaribu. Mawifi hasa, mawifi hawana haya, walimwandama siku ya tatu ya matanga wakitaka kujua kama ni kweli marehemu alikuwa na alama za kipigo, kama ni kweli alikufa na mimba. Bi Mwanatumu aliwajibu neno moja tu: "Amestirika." Ukimuuliza mara ya pili, alikuuliza habari za kuku wako.

Kwa hiyo aliaminiwa. Shoga yake wa tangu chuoni walikosomea Kurani, Bi Twaiba, aliwekeana naye ahadi kwamba atakayetangulia ataoshwa na mwenzake. Bi Twaiba aliitangaza ahadi hiyo mbele ya mwanawe Abdurahman, mwalimu wa shule ya msingi Msambweni, ili baadaye pasitokee ubishi.

Bi Mwanatumu alikuwa na jambo jingine ambalo Munje hawakuliona kuwa jambo. Kila Shaabani, kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, alifungua sanduku lake, akatoa sanda yake mwenyewe iliyochovywa maji ya Zamzam, pamba, kafuri na kichupa cha marashi, akavianika uani kwa saa moja visishike ukungu, akavifukiza udi, akavirudisha. Watoto walipita wakicheza na wala hawakugeuka, maana kila mwaka ilikuwa vivyo hivyo, kama mtu kuanika godoro.

Aliyegeuka alikuwa Jacktone. Huyu alikuwa mtu wa bara, mhudumu wa meza katika hoteli moja ya Diani, na siku zake za mapumziko aliwatembeza wageni vijijini. Shaabani ile alipita uani kwa Bi Mwanatumu, akaona kitambaa cheupe kwenye kamba, akauliza ni cha nini. Alipojibiwa alisimama mdomo wazi. Siku mbili baadaye alirudi na Wazungu watatu, wanaume wawili na mwanamke mmoja aliyebeba kamera begani.

"Mathe, hawa ni watu wa TV," Jacktone alisema. "Wanazunguka dunia wakitafuta watu wenye tabia za kipekee. Wametoka Samburu kumpiga picha mzee mmoja na mbuzi wake. Hakuna kuigiza hapa, ni maisha yenyewe tu."

"Karibuni," alisema Bi Mwanatumu, kwa sababu mgeni akifika uani hukaribishwa, na akawaandalia chai ya tangawizi.

Wakampiga picha akianika. Yule mwanaume mkubwa wao, mwenye kofia, akapiga mwayo waziwazi bila hata kuziba mdomo. Akamwambia Jacktone kitu, naye Jacktone akauliza kwa aibu, "Anasema, hiyo sanda huwa huivai?"

"Astaghfirullahi! Sanda huvaliwa mara moja. Mwambie siku nitakayoivaa hataniuliza swali."

Wazungu wakanong'onezana. Kisha wakauliza, basi hao wanaojifunza kazi yake anawafundishaje? Hapo Bi Mwanatumu akachangamka, maana ualimu aliupenda. Akawaeleza kwamba mtu mzima mwenye uhai wake hulala kitandani na nguo zake, naye huonyesha namna ya kumgeuza, kumfunika na kumfunga kwa shuka jeupe la kufundishia. Wakaomba waonyeshwe. Akakubali kwa sharti moja: ndani hataingia mwanamume.

Wanaume wakabaki nje na Jacktone. Mama wa kamera akapewa kanga ajitande, akaingia peke yake. Bi Twaiba, aliyekuja kusaidia kufukiza udi na ambaye hakuwahi kuona mzaha akaupita, alikwisha kupanda kitandani.

"Nilale mimi, nionje vile utakavyonibana."

Kamera imeshikwa na mwanamke, alifikiri Bi Mwanatumu, basi itakachokiona kitaonwa na wanawake. Mtu asimcheke. Tangu kuzaliwa aliishi katika nyumba ambazo ua wa wanawake ni ua wa wanawake, na jambo la humo halitoki mpaka litolewe. Nani alimwambia kwamba kile chombo kina mlango wa nyuma?

Akaonyesha kazi yake kwa makini, huku akisoma kwa sauti yale yasomwayo. Akamfunika shoga yake uso, akashuka mpaka miguuni, na mama wa kamera akainama akapiga picha miguu kabla haijafungwa. Chini ya shuka Bi Twaiba alicheka mpaka kitanda kikatikisika.

"Maiti hacheki, wewe!" Bi Mwanatumu alimkemea, na yeye mwenyewe akacheka.

Miezi mitatu baadaye kiharusi kilimpiga Bi Twaiba. Kikachukua upande wa kulia na ulimi wote. Abdurahman akamhamishia nyumbani kwake Msambweni, karibu na hospitali, na Bi Mwanatumu akawa anakwenda kila Ijumaa kumkanda kwa mafuta ya nazi. Ulimi haukurudi. Macho yalibaki yale yale ya utundu.

Julai ya 1999 Jacktone alifika na kanda ya video iliyotumwa kwa posta. Jacktone hakuwa na deki ya kuichezea. Abdurahman alikuwa nayo, na stima, kwa hiyo Jumapili baada ya adhuhuri majirani kutoka Munje walijazana sebuleni kwake. Wanaume walikaa vitini nyuma, wanawake mkekani mbele, Bi Twaiba akiwa amelazwa kwenye godoro karibu na ukuta. Bi Mwanatumu alivaa buibui lake jipya. Tusimlaumu, ni nani asiyependa kujiona?

Kanda ilikuwa ya Kiingereza, na Abdurahman alisimama kando ya televisheni akifasiri. Kwanza akatokea mzee wa Samburu, amelala zizini, mbuzi amemwekea kichwa kifuani. "Anasema," Abdurahman alifasiri, "mzee huyu ameacha nyumba na mke, analala na mbuzi miaka ishirini." Sebule ilivunjika kwa kicheko. Bi Mwanatumu alicheka mpaka akafuta machozi. Lo, dunia ina watu!

"Lakini huyo mzee ana nyumba," Jacktone alisema polepole. "Nilikunywa chai kwake. Ni wao walimwambia alale pale kidogo tu." Hakuna aliyemsikiliza.

Kisha ukatokea ua wa Munje. Watu wakapiga vigelegele. Sanda ikaonekana kwenye kamba, na Bi Mwanatumu akiinyoosha. Abdurahman akafasiri kwa furaha sentensi mbili, tatu. Ghafla akanyamaza.

Kwenye kioo kulikuwa na kitanda cha Bi Mwanatumu, chumba cha Bi Mwanatumu, na juu ya kitanda mtu aliyefungwa shuka jeupe gubigubi, uso umefunikwa. Mikono iliyokuwa ikifunga haikuonyeshwa. Sauti ya Bi Mwanatumu mwenyewe ilisikika ikisoma. Kitanda kikatikisika.

"Anasemaje, mwalimu?" watu waliuliza.

Abdurahman alikuwa ameuma midomo. Ikabidi Jacktone amalizie, naye alifasiri akitazama sakafu. "Anasema mwanamke huyu kila usiku anavaa sanda yake, analala kama maiti. Anasema kutikisika huko ni pepo wanampanda. Anasema kijiji kizima kinamwogopa." Kisha akaongeza, "Wallahi mimi sikujua. Mimi nilikuwa nje."

Kicheko cha Bi Twaiba, kile kicheko chao cha mchana ule, kimefanywa pepo! Bi Mwanatumu alitazama kioo akitaka kuamini kuna mtu atasema huu ni uwongo. Hawa walikuwa watu wa kwao. Waliiona sanda ile kila Shaabani, alikuwa amewaoshea mama zao na dada zao. Badala yake alisikia mkeka ukikwaruza. Jirani wa kulia alikuwa anajisogeza, na wa kushoto alikwisha kusogea. Yaani miaka thelathini na minane imeshindwa na kioo cha dakika tano!

Ikaonyeshwa miguu, mara moja tu, upesi, na wakati huo kila mtu alikuwa anamtazama yeye. Bi Mwanatumu peke yake aliiona. Mguu wa kushoto, kidole cha pili kimepanda juu ya kidole gumba, tangu mchi wa kinu ulipoudondokea ukingali mguu wa kigori.

"Mama," Abdurahman alimwambia Bi Mwanatumu, "shikamoo yangu kwako sikuwahi kuipunguza. Lakini wewe umeichezea sanda mbele ya watu. Umeingiza kamera chumbani. Aliyeshindwa kujistiri mwenyewe atawastiri vipi wenzake? Mama yangu hutamwosha. Nitamwita mwoshaji wa kijiji cha Gazi."

Hilo lilimchoma kuliko mengine yote, kwa sababu nusu yake ilikuwa kweli. Kamera aliikaribisha mwenyewe, kwa chai. Nusu ya pili angeweza kuifuta kwa sentensi moja: aliyelala pale ni mama yako. Wanaume wote walikuwa wanasikiliza. Akafungua kinywa. Lakini kumtaja, mbele ya wanaume, mwanamke aliyelala chini ya mikono yake, asiye na ulimi wa kumkubalia wala wa kumkatalia? Akafunga kinywa. Akamkumbuka mzee wa Samburu, na jinsi alivyomcheka, akaona haya mpaka masikio yakamwaka.

Akajishika magoti ainuke aende zake.

Kutoka kwenye godoro ikaja sauti nzito, kama ya mtu anayeinua gunia. Bi Twaiba alikuwa amekaza macho, jasho limemtoka, na ule mguu wake mzima, wa kushoto, ulikuwa unaisukuma kanga. Ukatoka nje hadi kifundoni. Watu walidhani amebanwa na haja. Bi Mwanatumu, kwa mazoea ya mikono yake, aliwahi kuufunika. Bi Twaiba akaipiga kanga teke. Akafunikwa tena, akaipiga tena, na safari hii akamtolea shoga yake macho ya hasira kabisa.

Abdurahman akautazama mguu. Akaenda kwenye deki, akairudisha kanda nyuma, akaisimamisha. Pale kwenye kioo, picha ikitetemeka, kidole cha pili kilikuwa kimepanda juu ya kidole gumba.

Abdurahman alipiga magoti kando ya godoro, akaufunika mguu wa mama yake, akamgeukia Bi Mwanatumu, mkono ungali juu ya kanga.

"Mbona hukusema, mama?"

"Nimseme mtu niliyemfunga kwa mikono yangu?" alijibu Bi Mwanatumu. "Basi hapo ndipo ungekuwa na haki ya kumwita wa Gazi."

Jacktone aliondoka bila kanda yake, na hakuirudia. Kule Ulaya bila shaka iliendelea kuonyeshwa, na wako watu huko ambao hadi leo wanajua kwa yakini kwamba Munje kuna mwanamke anayelala na sanda, kwa kuwa walimwona kwa macho yao.

Bi Twaiba alifariki mwezi wa Septemba, Ijumaa asubuhi. Bi Mwanatumu alifunga mlango, akachukua majani ya mkunazi na kafuri, akakaa humo muda mrefu kuliko kawaida yake. Alipotoka, macho mekundu, mikono bado ina maji, Abdurahman alikuwa amesimama mlangoni na swali usoni.

"Amestirika," alisema.