Ukurasa Uliofanana na Wenzake

"Usiuguse huo ukurasa," alisema mume wa mjukuu wangu. "Bosi akija, mzembe ni mimi, basi."

Mjukuu wangu akajibu bila kugeuza shingo kwamba mzembe ni yeye mwenyewe, si mumewe. Walikuwa hivyo tangu asubuhi, sauti zimepoa kama chai iliyosahaulika. Mimi nilijilaza kwenye kochi nikijifanya nakoroma. Na nikikoroma mimi, vikombe hutembea mezani.

Kazi zao nimezijua kwa kusikiliza, maana shule niliiona kwa nje. Mume huandika programu. Kabla haijatumika, hupitishwa kwenye chombo kiitwacho kompaila, ambacho kikiona jambo la mashaka hutoa onyo. Maonyo mengine hujitokeza yenyewe, mengine mpaka uyawashe. Mjukuu wangu hutunza kurasa za kueleza lipi ni lipi: kila onyo, kundi lake, na namna ya kuliwasha. Ukizitandaza zinafika mwezini, na za kurudi nazo duniani zinabaki.

Alizikuta shaghalabaghala, akazipanga zikafanana kama sare. Katika kufananisha huko, onyo moja la kuwashwa kwa mkono akaliandikia kama majirani zake: hujitokeza lenyewe. Mumewe akasoma, akaamini. Onyo halikutoka, akaona kazi yake safi. Kumbe kosa limo, na mashine za kiwanda kizima kilichotumia programu hiyo zikasimama. Leo bosi wao anakuja kuchukua kompyuta ya mume na kumwachisha kazi, na huyo mume ofisini hakumtaja mkewe hata kidogo.

"Akifukuzwa mmoja inatosha," alisema. "Tukifukuzwa wawili, Bibi tutampikia maonyo?"

Nikaacha kukoroma, nikamwambia asihofu, mwaka wa njaa nilikula kabati zima nikabakiza bawaba. Hakucheka mtu.

Mjukuu wangu alikuwa akifuta meza iliyokwisha kufutwa. "Sisikii kitu moyoni, mume wangu," alisema. "Si aibu, si hofu. Ila huo ukurasa bado unadanganya watu."

Mume akasema wataurekebisha baadaye, kimyakimya, mambo yakishatulia. Mkewe akaweka kitambaa chini, akaufungua ukurasa, akaigeuza kompyuta yake ikatazama mlangoni, bosi akiingia auone kwanza.

"Mke wangu, nakuomba—"

Mlango ukafunguliwa. Bosi akaingia na begi tupu mkononi.