Mvua Isinyeshe Kabla ya Alhamisi

Mwaka ule mvua ilipochelewa Kishapu, kila Jumapili tulisimama kanisani kuiombea. Pamba ilikuwa haijapandwa, malambo yamekauka mpaka ng'ombe wanalamba matope, na wazee wasiokuja kanisani walikuwa wameshaomba kwa namna yao. Nilisimama na wenzangu, nikafumba macho, midomo yangu ikatamka maneno yaleyale ya wote. Moyoni nilikuwa na ombi jingine. Mvua inyeshe, ndiyo, ila isinyeshe kabla ya Alhamisi jioni.

Alhamisi alasiri nilikuwa natetea mradi wangu wa shahada ya uzamili. Nilikuwa nasoma usanifu wa mafunzo na teknolojia ya elimu kwa njia ya mtandao, katika chuo ambacho geti lake sijawahi kuliona. Nyumba yetu ni ya bati tupu, haina dari. Mvua ikianza kupiga pale, mama akiwa sebuleni na baba chumbani hawasikiani tena, kila mmoja anangoja iishe ndipo aendelee na alichokuwa anasema. Kama watahini wasingenisikia, ningeahirishiwa mpaka muhula mwingine, na mahafali ya mwaka ule yangenipita.

Mahafali hayo yalikuwa jambo kubwa nyumbani. Nilikuwa nimemaliza shahada ya kwanza ya ualimu nikakosa ajira, na watu waliponiona nashinda ndani na kompyuta walianza kuuliza. Baba aliwaambia nasoma. Wakauliza chuo gani, akawajibu kiko kwenye simu, kisha akacheka kuliko wao: "Huyu atavaa joho la kwenye simu, na pilau tutatumiwa picha." Mama hakucheka. Alikuwa ameshawaambia wanakwaya wenzake kwamba tutasafiri kwenda mahafali, na nguo ya kuvaa ilikuwa kwa fundi.

Mimi ni mtu wa kuwaza. Wiki nzima niliwaza mahali pa kukaa siku hiyo. Nikawaza kupanga chumba chenye dari mjini Mhunze, halafu nikawaza umeme ukikatika huko sina hata jirani wa kumwomba taa. Nikawaza kwenda Shinyanga mjini, nikaona basi limeharibika njiani na mimi nimesimama kando yake nimekumbatia kompyuta. Mwisho nilibaki nyumbani kwa sababu mnara wa simu unaonekana kutoka uani kwetu, nikatundika mablanketi dirishani ili mbuzi wa jirani wasisikike.

Mradi wenyewe ulikuwa wa watoto wa darasa la pili katika shule ya msingi iliyo karibu nasi. Wengi nyumbani wanazungumza Kisukuma, na Kiswahili wanakutana nacho shuleni kama mgeni asiyecheka. Nilirekodi hadithi fupi na maswali, nikaziweka kwenye kadi ya kumbukumbu ndani ya spika ndogo ya kuchaji. Mwalimu anabonyeza, watoto wanasikiliza, wanajibu kwa pamoja, kisha wanafungua kitabu na kusoma walichokisikia. Haihitaji bando wala mtandao. Niliwaza umeme, vumbi, kadi kupotea, mwalimu kuhamishwa. Niliwaza hata lafudhi yangu, nikarudia kurekodi mpaka mama akauliza kama nagombana na mtu. Nilijaribu masomo hayo darasani tangu Julai mpaka Oktoba, na watoto waliyapenda. Spika ikizimwa walilalamika.

Alhamisi ilipofika, mawingu yalikuwa yameshuka tangu asubuhi. Watahini walikuwa watatu, pamoja na msimamizi wangu, mama mmoja mpole aliyekuwa ameniambia nisiongee haraka. Niliongea haraka. Nilikuwa katikati ya slaidi za matokeo upepo ulipofunga mlango kwa kishindo, harufu ya udongo ikaingia, na matone ya kwanza yakaanguka juu ya bati kama mtu anayemwaga mahindi. Kisha yakaja yote kwa pamoja. Midomo ya mtahini mmoja ilikuwa inacheza na mimi sisikii kitu. Nikaandika kwenye sehemu ya ujumbe: samahani, ni mvua, nipeni dakika chache.

Mama alikuwa ameshasimama mlangoni na turubai. Alinielekeza kwa kidole jikoni, ng'ambo ya ua. Jiko letu bado limeezekwa kwa nyasi. Tulikimbia chini ya turubai, kompyuta kifuani kwangu. Baba alikuwa katikati ya ua, shati limemganda mwilini, mikono ameinua, anasema jambo ambalo hakuna aliyelisikia.

Ndani ya jiko mvua ilikuwa sauti ndogo, kama unga unaochekechwa. Niliweka kompyuta juu ya kinu kilichopinduliwa, nikakaa kwenye kigoda, kuku aliyekuwa anaatamia akanitazama vibaya. Nikauliza kama wananisikia.

"Vizuri kabisa," msimamizi akasema. "Uko wapi?"

"Jikoni."

Walicheka, na mimi nikacheka, na kwa mara ya kwanza siku ile pumzi ikanishuka. Nilimaliza slaidi zangu bila kukimbia. Ndipo mtahini mmoja mtu mzima akavua miwani.

"Madarasa ya shule hiyo yameezekwa kwa nini?"

"Kwa bati."

"Yana dari?"

"Hayana."

"Na hao watoto, wakati kama huu, wanakimbilia jiko la nani?"

Hakusema kwa ubaya. Nilikuwa nimeandaa majibu ya maswali mengi, mengine ambayo hakuna mtu mwenye akili zake angeyauliza. Nilikuwa nimeogopa bati la nyumbani wiki nzima, kwa ajili yangu, wala sikuwahi kuliwaza bati la shule, kwa sababu katika miezi yote niliyokaa na watoto wale halikuanguka hata tone. Mvua za kwetu zikianza huja na kuondoka mpaka Aprili. Siku zote hizo spika yangu ingekuwa inajisemea yenyewe.

Niliona uso wa msimamizi wangu kwenye kioo cha kompyuta. Alikuwa anataka nipate la kusema.

"Hawana pa kukimbilia," nikajibu. "Sikuliona hilo."

Walinitoa wakajadiliana, wakanirudisha. Mwenyekiti wa watahini alinieleza kwamba nimefaulu iwapo nitaongeza aya moja kwenye mapungufu ya utafiti, kwamba masomo hayakujaribiwa wakati wa mvua. Nikifanya hivyo ningehitimu na wenzangu. Kulikuwa na njia ya pili: nirudi shuleni wakati wa mvua, nisanifu upya, nijaribu tena, kisha niwasilishe. Kwa njia hiyo mahafali yangenipita. Msimamizi aliongeza kwamba si lazima nijibu siku ileile.

Mimi hata sabuni dukani naichagua mpaka muuzaji anauliza kama nimedondosha kitu. Lakini mvua ilikuwa bado inanyesha, na nilikuwa naliona darasa lile waziwazi, watoto wametulia mbele ya spika inayowaka taa, wanangoja sauti. Aya ile ingekuwa ya kweli, na ingebaki kwenye ripoti.

"Nitarudi darasani," nikasema.

Jioni niliwaambia nyumbani. Mama akapanga vyombo vilivyokuwa vimeshapangwa.

"Nimeshawaambia watu," akasema.

"Waambie tena," baba akajibu. Bado alikuwa na matope miguuni, na siku ile hakuna jambo ambalo lingemkasirisha. "Mdomo si unao?"

Mama akaenda kusonga ugali. Wakati wa kunawa aliuliza tu kama mahafali mengine huwa yapo. Nikamwambia yapo.

Siku wenzangu wa darasa walipovaa majoho, picha zilimiminika kwenye kundi letu la simu. Nilimpongeza kila mmoja, nikaweka simu kando, nikaendelea kurekodi hadithi upya, kwa sauti kubwa zaidi.

Shule zilipofunguliwa Januari, kila siku ya mawingu nilikuwa nakwenda kukaa dawati la nyuma. Mvua ya kwanza ilipopiga, mwalimu wa darasa aliacha neno katikati, akageukia ubao na kuandika. Watoto wengine walinakili, wengine walichezea vidole. Dawatini mbele yangu, msichana mmoja alilizungushia sikio la mwenzake viganja vyote viwili, akaingiza mdomo katikati yake na kumsomea kitabu. Mwenzake aliitikia kwa kichwa, akachukua kitabu, naye akamsomea vivyo hivyo. Niliwatazama mpaka mvua ilipokatika.

Kuanzia hapo niliacha kurekodi. Nilitengeneza kadi za maboksi za watu wawili wawili: mmoja ana hadithi, mwingine ana maswali, na msomaji anasoma sikioni. Kadi za kwanza zilishindwa. Mvua ikinyesha mwalimu hufunga madirisha ya mbao, darasa linakuwa giza, na herufi zangu zilikuwa ndogo. Nikaandika upya kwa kalamu nene. Za pili zilikuwa na hadithi ndefu mno, watoto walichoka shingo. Nikakata hadithi.

Za tatu nilizipeleka mwezi Machi, siku ambayo mvua ilianza kabla ya kengele ya pili. Mwalimu alizigawa bila kusema neno, maana lisingesikika. Watoto waliinama wawili wawili, mikono masikioni. Mtoto mmoja alikosa wa kusoma naye, nikapiga magoti kando ya dawati lake, nikachukua kadi ya hadithi na kumsomea sikioni habari ya mbuzi aliyekata kamba. Nilisoma haraka, kama kawaida yangu. Nilipomaliza alitazama maswali yake kwa muda, kisha akanivuta sikio kwa mikono miwili.

"Hujasema mbuzi alikwenda wapi," akapiga kelele ndani yake. "Rudia."

Nikarudia.